Bita ya Australia Iliyonuka Boksi

Nimestaafu juzi tu, na tayari wenzangu wa jopo la waonjaji wamenipigia simu hadi nimechoka kuipokea. Nusu ya simu hizo ni za kuuliza mambo niliyowafundisha mwenyewe, kwa mdomo wangu, wao wakiwa wameshika kalamu. Basi nimeketi hapa sebuleni kwangu, mtaa wa Tena, niyaandike. Mkishasoma, tafadhali msinipigie.

Nianze na swali ambalo nimeulizwa na majirani, na daktari, na mchungaji, na mashemeji wote wa upande wa mume wangu: "Kwani huwezi kuonja halafu uteme?" Hapana. Wanaotema ni waonjaji wa mvinyo. Uchungu wa bia unakaa nyuma ya ulimi, karibu na koo, na huujui mpaka umemeza. Unameza funda moja, labda mawili, unangoja, unakula kipande cha mkate mkavu, unakunywa maji, unangoja tena. Kiasi hicho hakiwezi kumlevya hata kuku. Nimeeleza hivi kwa zaidi ya miaka thelathini, na watu huanza kutazama pembeni kabla sijafika kwenye mkate.

Sikuingia kiwandani kuonja. Niliajiriwa karani wa maabara, kupiga chapa fomu na kuzipanga kwenye faili. Siku yangu ya kwanza, saa nne asubuhi, mwanamume mrefu aliyevaa koti jeupe alitokea mlangoni, akanitazama kama mtu anayechagua nyanya sokoni. Huyo alikuwa Mzee Barasa, mkuu wa waonjaji, aliyekulia kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli na ambaye maisha yake yote alitembea kwa saa kama gari moshi la zamani. Mwonjaji wake mmoja alikuwa na mafua.

"Wewe karani, umekula kitunguu leo?"

"La, mzee."

"Umejipaka manukato?"

"Mafuta ya mgando tu."

"Kanawe mikono kwa maji matupu, bila sabuni. Halafu uje."

Nikamwambia mimi ni mtu wa kanisa na sijawahi kuonja pombe tangu nizaliwe. Akasema, "Ndiyo maana nimekuita. Hawa wengine wameshaizoea."

Aliniwekea glasi tatu za rangi nyeusi, ili nisione bia ina rangi gani, kila moja ikiwa na kifuniko chake. "Mbili ni ndugu," akasema, "moja ni mgeni. Nitafutie mgeni." Nikanusa, nikaonja, nikakunja uso. Nikasema mgeni ni ile ya katikati. Akauliza kwa nini. Nikaona aibu, lakini nikasema: "Inanuka maji ya kuchemshia mahindi. Yale ya isyo, pure ya kwetu, kabla hujaweka maharagwe." Mzee Barasa hakucheka. Alinisogezea karatasi yake na kalamu. "Andika hivyo hivyo," akasema. Baadaye nilijua kwamba hilo ni kosa kubwa la upishi na lina jina refu la kikemikali. Jina hilo sijawahi kulitumia.

Nasema haya kwa sababu nyinyi vijana mnapenda sana ile chati ya harufu iliyoletwa kutoka nje. Mzee Barasa aliichukia. Ilisema bia iliyopigwa na jua inanuka kicheche, yule mnyama wa porini mwenye uvundo. Ni nani kati yetu, wa Huruma, wa Umoja, wa Pumwani, aliyewahi kunusa kicheche? Alikuwa na daftari la shule ambamo aliandika harufu tunazozijua. Bia iliyopigwa na jua: mpira unaoungua. Bia yenye chuma: msumari mdomoni. Bia iliyozeeka: boksi lililonyeshewa. Wakati mwingine alituletea boksi lenyewe, akalimwagia maji, akatupitishia mmoja mmoja tulinuse macho yakiwa yamefungwa. Siku moja alimfukuza chumbani msimamizi mzima kwa kuingia akitafuna peremende. Alipostaafu na kurudi kwao Bungoma, aliniachia daftari na chumba.

Sasa, kanisani. Jirani yangu wa nyumba ya pili ni Mama Trufena, mjane wa karani wa baraza la jiji na mwenyekiti wa kikundi chetu cha akina mama. Mchana mmoja nilitoka kazini mapema, tukakutana langoni. Akasimama, akavuta pumzi.

"Mama Kioko. Unanuka pombe. Saa saba mchana."

"Ni kazi, mama. Mimi ni mwonjaji."

"Na kwani huwezi kutema?"

Nikaanza kueleza. Nilipofika kwenye mkate, alikuwa ameshaingia kwake. Wiki iliyofuata niliambiwa nipumzike kidogo kuandaa meza ya Bwana, yaani kuosha vikombe na kumimina juisi. Kupumzika huko kulichukua miaka. Na ile juisi ya zabibu, jamani, mara nyingine ilikuwa imeanza kuchacha, na kanisa zima ni mimi peke yangu niliyejua. Nilikaa kimya na kuinywa.

Kesi ninayotaka mjifunze ni ya bita ya Australia. Kampuni ilipata mkataba wa kuipika hapa hapa, kwa kimea chetu na hopsi zao, yale maua yanayoipa bia uchungu. Kwanza niondoe ujinga mmoja: bita ya Australia si bia chungu kuliko nyingine. Ni bia inayochachushwa kwenye baridi, nyepesi, inayopikwa na sukari kidogo ya miwa ili imalizike kavu mdomoni, na uchungu wake ni wa wastani, unakuja mwishoni na kuondoka kwa adabu. Neno bita, yaani chungu kwa Kiingereza, ni jina tu. Niliyasema haya katika mkutano wa kwanza. Meneja wa bia hiyo, Bwana Dennis, kijana aliyevaa suti hata siku ya usafi, aliitikia kwa kichwa na hakuandika neno.

Wenye bia walituma makasha ya chupa za kupimia. Zilisafiri kwa meli, zikakaa bandarini, kisha zikawekwa kwenye stoo yetu inayopakana na boila, mtambo wa kuchemshia maji. Mkienda pale hata leo, wekeni mkono ukutani muone. Bwana Dennis akatukusanya, akainua chupa moja. "Hiki ndicho kipimo. Bia yetu lazima ifanane na hii. Siku wageni wa Australia watakapokuja kuonja, wasione tofauti."

Nilifunua kifuniko cha glasi yangu, nikanusa mara moja, nikakirudisha. Boksi. Boksi lililonyeshewa, likakaushwa, likanyeshewa tena. Uchungu ulikuwa umefifia, na mahali pake palikuwa na utamu wa sukari iliyoungua. Niliandika: imezeeka, haifai kuwa kipimo.

"Mama Kioko," akasema Bwana Dennis, "hiyo ndiyo ladha ya Australia."

"Umewahi kufika Australia?"

"Na wewe?"

Hakuna kati yetu aliyewahi kufika, basi tukaishia hapo, yeye akiwa na cheo na mimi nikiwa na pua.

Mpishi wa bia alikuwa Akinyi, mwanamke mwerevu kuliko wote waliopita kwenye kiwanda kile. Pishi lake la kwanza lilikuwa safi: mkate, majani mabichi, mwisho mkavu. Lakini jopo liliulizwa kama inafanana na kipimo, na jopo likajibu ukweli: haifanani. Akaambiwa abadilishe. Akapunguza hopsi. Haikufanana. Akachoma kimea zaidi. Haikufanana. Akaambiwa aipashe moto kwa muda mrefu kupita kiasi, na ikaanza kukaribia, kwa sababu ilikuwa inaharibika. Katika mkutano mmoja mtu mzima, mwenye digrii, alipendekeza chupa ziwekwe juu ya mabati wiki nzima. Watu wakaandika pendekezo hilo kwenye kumbukumbu za kikao.

Akinyi alikuja kwangu, akaketi bila kukaribishwa. "Mathe," akasema, "nimesomea hii kitu miaka minne. Sasa naambiwa niiharibu vizuri."

Miezi minne ilipita hivyo. Kila wiki niliandika boksi, na kila wiki fomu ilirudi ikiwa na alama ya kuuliza. Mwishowe Bwana Dennis aliniita ofisini. Wageni wangefika baada ya wiki sita. Wasiporidhika, mkataba ungevunjika na vibarua wote wa laini mpya ya kujaza chupa wangerudishwa nyumbani. Nikamwambia jambo ni rahisi, aandike barua, waombwe chupa mpya kwa ndege.

"Nilishatia sahihi kwamba zilifika zikiwa salama. Unataka niwaambie tuliweka bia yao karibu na boila?"

"Ndiyo."

"Haiwezekani, mama. Na ukiendelea kuandika hilo neno, nitakutoa kwenye jopo. Barua nimeshaiandaa."

Alinionyesha barua. Jina langu lilikuwa limekosewa. Hilo ndilo lililonichoma zaidi, sijui kwa nini. Nilirudi kwenye chumba changu, nikazisugua glasi ambazo tayari zilikuwa safi.

Nilimwambia Akinyi arudie pishi lake la kwanza kwenye mtambo mdogo wa majaribio, asimuulize mtu. Ingehitaji karibu mwezi mmoja kuiva. Yeye akaona nimepata wazimu, lakini akafanya. Kilichobaki ni kupata bita yenyewe, mbichi, kutoka kwao. Na mtu mmoja tu niliyemjua ambaye alikuwa na mtoto Australia ni Mama Trufena. Binti yake ni muuguzi kule Perth, na mtaa mzima ulijua anakuja kwenye harusi ya kaka yake, kwa sababu mama yake alikuwa ametangaza kanisani Jumapili tatu mfululizo.

Nilibisha mlango wake jioni ya Jumamosi. Alinikaribisha, akanimiminia chai, maana kwa adabu hana upungufu.

"Mama Trufena, nina shida."

"Sema, mama."

"Naomba Trufena aniletee chupa sita za bia."

Aliweka chupa ya chai chini polepole. "Bia."

"Ndiyo."

"Kwenye sanduku la mtoto wangu. Anayekuja harusini."

Safari hii sikuanza na kutema wala kumeza. Nilimweleza kuhusu stoo, na boila, na Akinyi, na vibarua wa laini mpya, ambao wawili wao ni wa kanisa letu. Nilimwambia kuhusu barua iliyokosea jina langu. Alisikiliza hadi mwisho, akiwa amekunja mikono. Kisha akaniuliza maswali matatu makali ambayo Bwana Dennis hakuwahi kuyafikiria, likiwemo hili: nitajuaje kwamba hizo sita nazo hazitaharibika njiani? Nikamwambia ni siku mbili tu, ndani ya sanduku, gizani. Zifungwe kwa sweta.

"Nitazileta mwenyewe hadi huko kazini," akasema. "Sitaki chupa za binti yangu zionekane kwenye pipa la taka la mtaa huu. Na nitaketi nione mnachokifanya."

Alhamisi baada ya harusi, saa nne kasoro, alifika getini akiwa na kitambaa cha akina mama kichwani na mfuko wa kitenge mkononi. Askari wa getini alimwamkia, "Shikamoo, mama," akaomba kukagua mfuko. Akaona. Akamtazama Mama Trufena, akatazama kitambaa, akafungua geti. Nilimwita Bwana Dennis. Nilimwambia mbele ya jopo zima kwamba leo kuna bita mbichi ya Perth, kuna kipimo chake cha stoo, na kuna pishi la kwanza la Akinyi. Alikasirika, akauliza ni nani aliyeruhusu. Kisha akapata njia ya kutokea.

"Jopo hili umelifundisha wewe. Litasema unachotaka wewe."

"Basi tafuta pua ambayo sijaifundisha."

Akageuka huku na huku. Chumba kilikuwa na jopo, mimi, na mwanamke mmoja mwenye mfuko mapajani. "Huyu mama je?"

"Mimi sinywi," akasema Mama Trufena.

"Hakuna anayekuomba unywe," nikasema. "Nusa tu."

Akinyi alimimina akiwa chumba kingine na kuandika namba chini ya glasi. Mimi mwenyewe sikujua ipi ni ipi. Kama pua yangu ilikuwa imezeeka kabla ya miaka yangu, ndiyo ningejua siku hiyo, mbele ya watu.

Mama Trufena alifunua ya kwanza, akafumba macho kama anaomba. Akaifunika. Ya pili. Ya tatu. Akarudia zote, taratibu kuliko nilivyomfundisha mtu yeyote.

"Hii ya mwisho," akasema, "ni lile godoro la chumba cha watoto pale kanisani, paa lilipovuja. Mmeitoa wapi? Hizi mbili nyingine ni kitu kimoja. Mkate na majani. Mnanisumbua kuninusisha kitu kimoja mara mbili."

Jopo likaonja baada yake, kila mtu kwenye kibanda chake cha kuonjea. Wote waliitenga ile ya mwisho. Kati ya zile mbili, ni mmoja tu aliyebahatisha ipi ya Perth, na nilipomuuliza sababu akakiri kwamba ameotea. Akinyi akageuza glasi. Ya mwisho ilikuwa kipimo.

Bwana Dennis alizitazama zile namba. "Kwa hivyo miezi minne tulikuwa tunafanya nini?"

"Tulikuwa tunaharibu bia, Bwana Dennis. Kwa bidii."

Alitoka bila kufunga mlango, na harufu ya matumbo ya kukaanga kutoka kantini ikaingia chumbani. Nikalazimika kuahirisha kikao kilichofuata. Ile barua haikuletwa, na mpaka leo hakuna aliyeniambia kwamba nilikuwa sahihi. Pishi la Akinyi ndilo lililowekwa mbele ya wageni. Mpishi wao mzee alimeza, akangoja, akasema ndiyo yenyewe, akaomba nyingine. Ile stoo ya boila bado inatumika.

Jumapili ya pili baada ya kikao kile cha kunusa, katika mkutano wa akina mama, mmoja wetu alisimama akasema kuna habari za kusikitisha, kwamba mtu wa kikundi hiki ameingiza pombe nchini kutoka ng'ambo. Shingo zote zikageuka kwangu kama zimevutwa kwa kamba. Nilifungua mdomo kueleza tena, kwa mara ya elfu.

"Ni mimi," akasema Mama Trufena, akiwa mbele, kwenye kiti cha mwenyekiti. "Chupa sita. Nilizibeba, nikazipeleka, nikanusa. Mama Kioko hanywi pale. Anahukumu. Nimemwona akihukumu, na alikuwa timamu kuliko kikao hiki. Tuendelee na ajenda."

Hakuniomba msamaha. Jina langu lilirudi tu kwenye orodha ya kuandaa meza, limeandikwa kwa kalamu tofauti. Jumapili ya kwanza nikafungua juisi, nikanusa, ilikuwa imechacha. Nikaimwaga yote kwenye sinki, ibada ikachelewa, na Mama Trufena mwenyewe akaenda dukani kununua nyingine.

Mngefikiri basi bia ile ilistawi. Wiki za kwanza niliketi kwenye baa moja ya Umoja na soda yangu, nikasikiliza. "Bita gani hii haina uchungu?" akasema mmoja. Meza ya pili: "Hii ni chungu, buda, ni kama dawa." Walikuwa wanakunywa chupa kutoka kasha moja. Bwana Dennis alitaka hopsi ziongezwe ili ifuate jina. Mkataba haukuruhusu. Akataka jina libadilishwe. Mkataba haukuruhusu. Kabla ya mwaka wa pili kuisha, ilitoka barua fupi: bita isipikwe tena, na tangi la mwisho, kwa kuwa hapakuwa na wa kulinunua, limwagwe.

Sheria ya chumba chetu inasema kila tangi lionjwe kabla ya kuondoka, na haisemi linaondoka kwenda wapi. Bwana Dennis aliniambia niache, ni kupoteza muda. Nikaita jopo. Tukanawa mikono kwa maji matupu, tukaketi kwenye vibanda, Akinyi akamimina, kisha akaja kuketi nasi, jambo ambalo wapishi hawaruhusiwi, na sikumkataza. Tulinusa, tukameza, tukangoja. Ulikuja ule uchungu wake, ukakaa kidogo nyuma ya ulimi, ukaondoka, na mdomo ukabaki mkavu na safi. Tangu tuanze hatukuwahi kupika nzuri kama ile.

Niliandika "Haina kosa", nikatia sahihi, nikaipeleka fomu chini. Vijana wa matangi wakaisoma, wakaiweka kwenye faili, wakafungua valvu.